Sare Haizuii Kisukari: Kitambi, Presha na Sukari kwa Wanajeshi

Wanajeshi ni watu tunaowahesabu kuwa na afya kuliko wengi wetu. Walipimwa kabla ya kuingia depo, wanakimbia alfajiri, wanabeba mizigo mizito, na wakipita kwenye gwaride tunaona vifua vilivyonyooka. Hata hivyo kisukari, shinikizo la damu na mafuta mengi kwenye damu vimo kambini kama vilivyomo mjini na kijijini.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini iko hivyo. Mifano mingi tumeitoa kwenye jeshi la Marekani, kwa sababu limechunguza afya ya askari wake na kuandika matokeo kwa miaka mingi. Tumeiandika kwa ajili ya msikilizaji mwenye ndugu jeshini, polisi au magereza, kwa wazee wetu waliostaafu kazi hizo, na kwa yeyote anayejiambia, "Mimi nina nguvu zangu, nipime nini?"

Mwili unavyotumia chakula

Ukila ugali, wanga wake hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini ni kama ufunguo: hufungua milango ya misuli na ini ili sukari iingie, itumike au iwekwe akiba. Kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kutunza ziada, wataalamu huiita metaboli.

Shida huanza akiba inapozidi. Mafuta yakijaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, insulini haifanyi kazi vizuri kama zamani. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa hufaulu, na mwenye mwili hajisikii chochote. Baadaye huzidiwa, sukari ikabaki kwenye damu. Hicho ndicho kisukari cha aina ya 2. Mara nyingi presha nayo huwa imepanda, mafuta kwenye damu yameongezeka, na mishipa imeanza kuziba kidogo kidogo.

Kwa kuwa mambo haya hupenda kuja pamoja, madaktari wameyapa jina moja: sindromu ya metaboli. Mtu akikutwa na angalau 3 kati ya haya 5, anahesabiwa kuwa nayo:

1. Kiuno kinene. Vipimo vya Marekani huanzia sentimita 102 kwa mwanaume na 88 kwa mwanamke. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linashauri Waafrika wa kusini mwa Sahara tutumie sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke.

2. Shinikizo la damu la 130 kwa 85 au zaidi, au mtu kuwa tayari anatumia dawa za presha.

3. Sukari ya 5.6 au zaidi, ikipimwa asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7.0, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, hicho tayari ni kisukari.

4. Mafuta ya kwenye damu yaitwayo traigliseridi kuwa 1.7 au zaidi.

5. Lehemu nzuri, ile inayosaidia kusafisha mishipa, kuwa chini ya 1.0 kwa mwanaume au chini ya 1.3 kwa mwanamke.

Isome orodha hiyo tena. Hakuna kipimo hata kimoja kinachouliza kama unaweza kukimbia kilomita 5 au kubeba gunia. Mtu anaweza kufaulu mbio za asubuhi na bado akawa na matatu kati ya hayo matano.

Mishipa ya vijana waliokufa Korea

Vita vya Korea vilipiganwa kuanzia 1950 hadi 1953. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita hivyo. Hawakufa kwa ugonjwa, waliuawa vitani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana waliopimwa, wakafunzwa na kupelekwa mstari wa mbele.

Madaktari walipoipasua mishipa inayolisha moyo damu, walikuta dalili za ugonjwa kwa asilimia 77.3 ya vijana hao. Wengine mshipa ulikuwa umenenepa kidogo tu kwa ndani. Wachache tawi kubwa la mshipa lilikuwa limeziba kabisa. Hadi wakati huo watu wengi waliuchukulia ugonjwa wa moyo kuwa wa wazee. Uchunguzi huo ulionyesha kuwa mbegu yake hupandwa mapema, ndani ya mwili ambao kwa nje hauna kasoro.

Vita vya Vietnam vilipokuja, madaktari walirudia uchunguzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1971 kuhusu askari 105 yalionyesha ugonjwa huo kwa asilimia 45. Kisha mwaka 2012 yakatoka matokeo ya askari zaidi ya 3,800 waliofariki katika kipindi cha vita vya Iraq na Afghanistan. Safari hii waliokutwa na mishipa iliyoanza kuziba walikuwa asilimia 8.5.

Hiyo ni nafuu kubwa. Uvutaji wa sigara ulikuwa umepungua sana, na presha na lehemu zilikuwa zinapimwa na kutibiwa. Tukumbuke kwamba hadi mwaka 1975 jeshi la Marekani lilikuwa likiweka sigara ndani ya pakiti ya chakula cha askari vitani. Lakini uchunguzi huo wa mwisho ulikuwa na onyo pia: mishipa mibovu ilionekana zaidi kwa wale waliokuwa wameandikiwa tatizo la mafuta kwenye damu, presha au unene uliopitiliza. Vita vilibadilika, silaha zikabadilika, ila njia ya ugonjwa ilibaki ile ile.

Anakimbia kila siku, mbona anaugua?

Hili ni swali la haki. Majibu yake yako kwenye maisha ya kambini yenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa askari nguo hiyo ni sare.

Chakula. Pakiti moja ya chakula cha vitani cha Marekani ina wastani wa kalori 1,250, na askari hupewa 3 kwa siku. Ukizidisha unapata 3,750. Zimewekwa kwa ajili ya mtu anayetembea porini na mzigo mgongoni kutwa nzima. Askari akirudi kambini na kukaa ofisini, huku akiendelea kula kama yuko luteka, ziada yote inakuwa mafuta. Zaidi ya bwalo, kambi nyingi zina maduka yanayouza soda, chipsi na vinywaji vya kuchangamsha mwili vyenye sukari nyingi.

Kazi za kukaa. Si kila mwanajeshi anashika bunduki mchana kutwa. Kuna karani, dereva, fundi wa mitambo, mtu wa mawasiliano, mtunza ghala. Mbio za dakika 40 asubuhi haziwezi kufuta saa 9 za kukaa kwenye kiti kama mlo haupungui. Na kadiri cheo kinavyopanda, mara nyingi meza nayo inakuwa kubwa.

Usingizi. Lindo la usiku, zamu zinazobadilika na simu za dharura huvuruga usingizi. Mtu anayelala saa 5 au 6 kila siku huongezeka hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vyenye mafuta, na insulini yake hufanya kazi vibaya zaidi. Jambo hili linawagusa pia walinzi wa usiku, manesi na madereva wa malori.

Majeraha. Goti, kifundo cha mguu na kiuno huumia sana katika mafunzo. Askari aliyeumia anaacha kukimbia kwa wiki au miezi, lakini sahani yake haipungui. Kilo 5 huongezeka kabla hajajua.

Msongo wa mawazo. Mtu aliyeona kifo karibu hubaki na hofu mwilini hata baada ya kurudi nyumbani. Homoni za hofu hupandisha sukari na presha. Wengine hutafuta utulivu kwenye pombe, sigara au chakula. Tafiti za askari wastaafu zimeonyesha kuwa wenye majeraha ya akili yatokanayo na vita hupata sindromu hii ya metaboli zaidi ya wenzao.

Sumu. Kati ya mwaka 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilinyunyiza dawa za kuua majani katika misitu na mashamba ya Vietnam. Iliyojulikana zaidi inaitwa Agent Orange, na ndani yake mlikuwa na sumu ya dioksini. Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilikubali kuwalipa fidia askari wa Vietnam waliopata kisukari cha aina ya 2, bila kila mmoja kutakiwa kuthibitisha kuwa ugonjwa wake ulitokana na sumu hiyo. Shinikizo la damu liliongezwa kwenye orodha mwaka 2022, zaidi ya miaka 50 tangu ndege za mwisho kunyunyiza. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa.

Kutoka njaa hadi unene

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tatizo la majeshi lilikuwa kinyume. Vijana wengi wa Marekani walikataliwa jeshini kwa sababu ya afya mbovu, na wengine kati yao walikuwa wamekua kwa chakula duni. Viongozi wa jeshi waliliambia bunge kuwa nchi isiyolisha watoto wake haiwezi kujilinda. Mwaka 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria ya chakula cha mchana shuleni, na ndani ya sheria hiyo yaliandikwa maneno kuwa ni jambo la usalama wa taifa.

Miaka 64 baadaye, mwaka 2010, kundi la majenerali na maadmirali wastaafu wa Marekani walitoa ripoti wakisema vijana wamekuwa wanene mno kuweza kupigana. Safari hii walitaka shule zipunguze sukari na mafuta. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kimeeleza kuwa zaidi ya kijana 1 kati ya 3 wenye umri wa miaka 17 hadi 24 ana uzito unaozidi kiwango cha kuingia jeshini. Na ndani ya jeshi lenyewe, walio na unene uliopitiliza walipanda kutoka asilimia 16 mwaka 2015 hadi asilimia 19 mwaka 2020. Hiyo ni karibu askari 1 kati ya 5.

Agosti 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianzisha kozi ya maandalizi huko Fort Jackson, jimbo la South Carolina. Kijana aliyezidi kiwango cha mafuta mwilini kwa kiasi kidogo hupewa hadi siku 90 za mazoezi, chakula kilichopangwa na mafunzo ya lishe. Akifikia kiwango, anaendelea na mafunzo ya ukuruta.

Futi kamba inapogeuka adhabu

Katika jeshi hilo askari wamekuwa wakipimwa urefu na uzito mara kwa mara. Aliyezidi alizungushiwa futi kamba ili kukadiria mafuta mwilini. Zamani mwanaume alipimwa shingo na kiuno, na mwanamke shingo, kiuno na nyonga. Mwaka 2023 jeshi la nchi kavu lilianza kupima sehemu moja tu, usawa wa kitovu, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi.

Anayeshindwa huwekewa alama kwenye jalada lake. Hapandishwi cheo, haendi kozi, na asipopungua anaweza kuondolewa jeshini. Nia ni nzuri, lakini matokeo yake si mazuri siku zote. Wapo wanaoacha kunywa maji siku 2 kabla ya kupimwa, wanaojifungia kwenye joto kali watoke jasho, wanaokunywa dawa za kuharisha, au wanaokaa na njaa wiki nzima kisha wakala kupita kiasi baada ya kipimo. Namba ya siku hiyo inapungua, mafuta ya kuzunguka ini yanabaki palepale. Kukaukiwa maji kwa namna hiyo kunaweza kuumiza figo na kuleta kiharusi cha joto.

Hapa pana somo kwa kila familia na kila mwajiri. Mtu akijua kipimo kitamletea fedheha au kumnyima kazi, atakificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tujiulize pia nani alimfanya aone aibu. Kumcheka baba mwenye kitambi, au kumwita "bonge" mbele ya watu, hakujawahi kushusha sukari ya mtu.

Baada ya kuvua sare

Kipindi kigumu zaidi kwa wengi huja baada ya kustaafu. Filimbi ya alfajiri haipo tena, hakuna wa kumwamsha akakimbie. Tumbo lililozoea sahani ya kambini linaendelea kudai sahani ile ile. Magoti yanauma. Marafiki wa kikosi wametawanyika, na muda wa kukaa umeongezeka.

Idara ya Marekani inayohudumia askari wastaafu inasema karibu mgonjwa 1 kati ya 4 wanaotibiwa katika hospitali zake ana kisukari. Ni kweli kwamba wengi wao ni wazee, na kisukari huongezeka na umri. Hata hivyo idadi hiyo ni kubwa kuliko ya Wamarekani wote kwa jumla, ambao ni kama 1 kati ya 9.

Mstaafu ana hatari nyingine isiyopimwa kwa futi kamba: kuuamini mwili wa zamani. Anakumbuka alivyokuwa na miaka 25, anaona kwenda zahanati ni udhaifu. Kukojoa mara kwa mara usiku anakuita uzee. Ganzi ya miguu anaita baridi. Kidonda kisichopona anakipaka dawa ya mitishamba. Siku anapofikishwa hospitali, figo au mguu tayari uko hatarini.

Kama una mzee wa aina hiyo nyumbani, usimwendee kwa amri. Alishazoea kutoa amri yeye. Mwombe akusindikize wewe kupima presha, na mkifika mpime wote wawili.

Unachoweza kufanya hata kama hujawahi kuvaa sare

Pima kiuno kwa kamba. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje mara mbili, kisha izungushe usawa wa kitovu bila kukaza na bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako. Hilo si jibu la ugonjwa, ni sababu ya kwenda kupima.

Pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka ukishafika miaka 40, na mapema zaidi kama una kitambi, ndugu wa damu mwenye kisukari, au uliwahi kupata kisukari wakati wa ujauzito. Kwa sukari, nenda asubuhi kabla ya chai.

Tazama kikombe kabla ya sahani. Soda, juisi za viwandani na chai yenye vijiko 4 vya sukari huingiza sukari kwenye damu haraka kuliko chakula kingine. Maji ndiyo kinywaji cha kila siku.

Gawa sahani. Nusu iwe mboga, robo maharage, samaki, dagaa au nyama, na robo ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba yake hupunguza kasi ya sukari. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyopikiwa.

Tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za shughuli inayokufanya uheme kidogo. Kulima, kuchota maji na kwenda gulioni kwa miguu vyote vinahesabika. Dereva wa bodaboda, mwenye duka na mshona nguo wanahitaji kuutafuta muda huo kwa makusudi.

Usipunguze uzito kwa pupa. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi na sukari iliyoanza kupanda, kupungua kilo 5 hadi 7 kati ya 100 kwa miezi kadhaa hupunguza sana uwezekano wa kupata kisukari. Sukari iliyoanza kupanda inaweza kurudi chini ikiwahiwa.

Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi.

Wahi kituo cha afya ukiona dalili hizi

Kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, kupungua uzito bila sababu, macho kuona ukungu, ganzi miguuni au kidonda kisichopona ni dalili za kupima sukari bila kuchelewa. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au shingoni, mdomo kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafla au maneno kutoka kwa shida ni dharura. Usisubiri kesho wala usimpe mgonjwa chakula au kinywaji. Tafuta usafiri mara moja.

Maelezo haya ni ya kukupa mwanga na hayachukui nafasi ya daktari au mganga wa zahanati yako. Kama una ndugu aliyeko jeshini au aliyestaafu, mtumie makala hii kwenye simu yake, halafu muulize swali moja: mara ya mwisho alipima lini?